Mtandao wa Nyumba na Hodi Yake

Dada yetu aishiye Biliqo, Isiolo, ametuletea swali. Nyumbani mwao mna simu tano na kompyuta moja. Visomo vya Qur'ani, darsa, kaswida na picha za jamaa vimetawanyika, kila mtu na vyake, na atakaye kusikiliza hana budi kununua bando. Je, yawezekana vyote viwekwe mahali pamoja, visikilizwe nyumba nzima bila waya?

Yawezekana, kwa kuwa mtandao wa nyumba si intaneti. Ruta ikiwashwa, simu zilizo karibu nayo hupokezana mafaili hata kama hakuna bando la senti moja. Tafuteni ruta yenye tundu la USB iwezayo kugawa mafaili, mchomeke flashi, na programu kama VLC, isiyolipiwa, itacheza kilichomo. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 basi yabeba zaidi ya saa 500, na khitma nzima ya murattal haijazi hata sehemu ya kumi yake. Nakala ya pili iwekeni kwa mama mkwe, kwani flashi hufa bila kuaga.

Umeme usiwatishe. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na fundi wa sola aweza kuiunganisha na betri, mradi asome kwanza maandishi yaliyo chini yake. Kuta ndizo za kupigiwa hesabu. Mabati huzuia mawimbi, kama zinavyoyazuia kuta nene za mawe huku kwetu Lamu na Mji wa Kale. Iwekeni ruta juu, katikati ya nyumba, na mchague masafa ya gigahezi 2.4, yapenyayo ukuta vizuri kuliko yale ya 5. Kwa sauti yatosha. Jiko likiwa mbali, pitisheni waya wa mtandao, usiozidi mita 100, hadi kwenye kifaa cha pili.

Kuhusu muziki wenyewe, wanazuoni wamekhitalifiana, na safu hii haitoshi kuwapatanisha. Sisi tungeanza na kisomo.

Lililotukalisha kitako ni zile picha. Dada ataka kuweka humo na video za harusi, za ukumbi wa wanawake. Wazee waliojenga nyumba za Lamu walimpokea mgeni dakani, kisha kukawa na misana, na ndani kukawa ndani. Sura An-Nur, Aya ya 27, yatuamuru kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na Aya ya 58 yawafunza hata watoto wa nyumbani kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha. Flashi iliyo wazi haina mlango. Kijana wa jirani aliyepewa nywila ili asikilize darsa aweza kuingia hadi chumbani.

Kwa hiyo, badilisheni nywila ya kiwandani inayofungua mipangilio ya ruta. Wageni wapewe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao. Ndio daka lao. Hakikisheni kwa simu moja kwamba aliye huko hafikii flashi. Picha za faragha zikae katika flashi nyingine, ichomolewe na kufungiwa kabatini.

Hata kabla ya hapo, ruhusa ni ya wenye sura zao. Mume kuwa ndiye aliyenunua ruta hakumpi idhini ya kuonyesha nywele za wifi yake. Bibi harusi aulizwe, na shoga zake walioonekana wakicheza waulizwe mmoja mmoja. Akikataa mmoja, kipande chake kikatwe. Kisipokatika, video hiyo isiingizwe.