Waraka kwa Wanachama: Tusiombe Kilomita 100

Kwa wenye magari, madereva na makondakta wetu wa Kisumu, Ahero, Bondo na Homa Bay.



Nimeisikia hoja inayozunguka stejini: lami ni nzuri, magari ni mapya, basi chama kiombe matatu ziruhusiwe kilomita 100 kwa saa badala ya 80. Naipinga, na nawasihi nanyi muipinge.

Ahero hadi mjini Kisumu ni kama kilomita 24. Kwa 80, bila kusimama, ni dakika 18. Kwa 100, ni 14 na nusu hivi. Hizo dakika tatu na ushei unazookoa zinaliwa na foleni ya Kondele kabla hujashusha abiria. Kishindo cha kugonga, lakini, hupanda kwa zaidi ya nusu.

Wapo wasemao dereva atajua mwenyewe pa kupunguza. Mliokaa kwenye usukani mnajua sivyo. Ukishakimbia kutoka Awasi, macho na mguu vimezoea. Ukiingia soko la Ahero, 50 unaiona kama kutambaa, na mama wa nyanya yuko ukingoni mwa lami, boda boda inachomoka kwenye marram, trekta la miwa mbele yako halina taa. Hata kwingine imeonekana hivyo: Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa mwaka 1974, ikakifuta 1995. Majimbo yalipopandisha mwendo, madereva walikimbia zaidi, na tafiti zikakuta vifo vimeongezeka. Huko barabara kuu nyingi zimetenganishwa katikati; sisi tunapishana uso kwa uso na trela za Busia.

Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilituletea spidi gavana na mikanda, na abiria wakapumua. Kisha tukaanza kuchezea waya za gavana hizo. Nasema tukaanza, maana magari yanayochezewa ni yetu.

Na msiba wa barabarani hauko mbali nasi: tarehe 8 Agosti 2025, kwenye mzunguko wa Coptic hapa Kisumu, basi la waombolezaji waliokuwa wakirudi kutoka mazishini lilipinduka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Wengi wetu tulikwenda matanga hayo.

Hoja ikiletwa mkutanoni, pigeni kura ya hapana. Na kesho alfajiri, kabla gari la kwanza halijatoka stejini, kila mwenye gari aikague gavana yake mwenyewe, asimwachie fundi.

Wenu katika kazi,
Katibu