Hifadhi ya Pamoja si Akiba: Wajibu wa Idara kwa Data za Utafiti

1.0 Utangulizi

Wanazuoni wa Kiswahili tumejadili kwa miaka mingi iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake katika taaluma ya istilahi. Hata hivyo, suala la namna ya kuyatunza yaliyomo ndani ya chombo hicho halijapewa uzito unaostahili. Aghalabu huachiwa fundi, au kila mhadhiri na kompyuta yake. Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja: kwamba utunzaji wa mafaili ni sehemu ya taaluma yenyewe, na kwamba idara haina budi kuubeba kama inavyobeba utungaji wa mitihani na usimamizi wa tasnifu.

2.0 Hali Ilivyo

Katika enzi ya kadi, mwanaleksikografia aliyestaafu aliziacha kadi zake katika droo za ofisi, na mwenzake akaendelea pale alipoishia. Leo mtafiti akihama au akifariki, data zake huondoka naye. Mahojiano yaliyorekodiwa kijijini yamo katika kompyuta ya mtu mmoja. Rasimu ya jarida imo katika flashi ya mwingine. Na alama za wanafunzi husafiri kwa baruapepe katika matoleo matatu yasiyolingana. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasara ya aina hii hailipiki. Tasnifu iliyopotea yaweza kuandikwa upya, japo kwa machozi. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haiwezi kurekodiwa tena. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazili mjini Rio de Janeiro yaliungua, na kumbukumbu za kiisimu za lugha za wenyeji, zikiwamo kanda za sauti, ziliteketea. Mwanaisimu yeyote aelewe kwamba moto huo ulimhusu.

3.0 Dhana Mbili Zinazochanganywa

Ni muhimu kutofautisha hifadhi ya pamoja na nakala ya akiba. Hifadhi ya pamoja ni mahali pamoja ambapo wanaidara wote hulifikia faili lilelile. Nakala ya akiba ni nakala nyingine, iliyotengana na ya kwanza, ya kurejeshea kilichoharibika. Ya kwanza hurahisisha kazi. Ya pili huiokoa.

Wapo wanaodhani kwamba mashine yenye diski mbili zinazonakiliana imekwisha kuwapa akiba. Sivyo. Diski mbili humlinda mtu dhidi ya kufa kwa diski moja tu. Mtu akilifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika katika zote mbili papo hapo. Mwizi akiibeba mashine, huzibeba zote mbili. Folda ya mtandaoni inayojilinganisha na kompyuta ina udhaifu huohuo, isipokuwa pale inapotunza matoleo ya awali.

Hata akiba yenyewe haiaminiki bila kukaguliwa. Mnamo Desemba 2021, katika mfumo wa kompyuta kuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, takriban terabaiti 77 za mafaili ya watafiti zilifutwa na programu ileile iliyowekwa kutengeneza nakala za akiba. Ikiwa hayo yalitokea penye wataalamu wengi, ofisi ya watu wanane haina sababu ya kujiamini kupita kiasi.

4.0 Pendekezo

Kanuni inayokubalika na wengi ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa idara ndogo, nakala ya kwanza iwe katika mashine ya kuhifadhia mafaili iliyounganishwa na mtandao wa ofisi, ikilindwa na betri dhidi ya kukatika kwa umeme. Ya pili itengenezwe kila usiku katika diski ya nje, ikitunza matoleo ya siku 30 zilizopita. Ya tatu iandikwe kila wiki, ifungwe kwa msimbo wa siri, na kuwekwa katika jengo jingine, kwa mfano maktaba. Diski hii ichomolewe baada ya kazi, kwani virusi vinavyoyateka mafaili kwa ajili ya fidia hukifikia kila kilichounganishwa.

Gharama si kisingizio. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa hezi 48,000, biti 24 na mikondo miwili, huchukua takriban gigabaiti moja. Hivyo saa 1,000 za mahojiano huenea katika diski moja ya terabaiti mbili, na nafasi ikabaki.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Kila mwezi mtu mmoja, kwa zamu, achague mafaili matano, ayarejeshe kutoka katika akiba, ayafungue, kisha aandike matokeo katika daftari na kutia sahihi. Akiba isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu.

5.0 Pingamizi

Pingamizi kubwa si la kiufundi. Watafiti wengi huogopa kwamba data zikiwekwa pamoja, mwenzao atazichapisha kabla yao. Hofu hii ina msingi na haifai kubezwa. Jibu lake ni kila mtafiti kuwa na folda asiyoifungua mwingine bila idhini yake, pamoja na maandishi yanayoeleza nani atairithi asipokuwapo.

Wengine watasema kila kitu kipelekwe mtandaoni. Njia hiyo yafaa kwa nakala ya tatu, lakini sauti za watoataarifa na alama za wanafunzi ni taarifa binafsi, na sheria za Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022 zinadai uangalifu juu ya zinakopelekwa.

6.0 Hitimisho

Mzee anayetuimbia nyimbo za jando au kutusimulia ngano hatukabidhi sisi binafsi, huikabidhi taaluma. Kwa maoni yetu, idara isiyoweza kuonyesha daftari la urejeshaji haijatimiza ahadi iliyotolewa kwa mzee huyo pale kinasasauti kilipowashwa mbele yake.