Kupumzisha ziwa pekee hakutoshi

KILA uvuvi unapofungwa katika Ziwa Tanganyika, wa kwanza kuumia ni mvuvi, na wa pili ni mchuuzi wa dagaa anayevuka mpaka. Mwaka 2024 Tanzania iliupumzisha uvuvi huo kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15. Sipingi hatua hiyo, maana samaki lazima wapate nafasi ya kuzaliana. Ninachopinga ni kudhani kwamba nyavu ndizo zenye kosa lote.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Katika pwani ya California kuna misitu ndani ya bahari. Ni mwani mkubwa uitwao kelpi, unaojishikiza kwenye mwamba na kurefuka hadi juu ya maji. Humo huishi samaki wengi, pamoja na konokono wa thamani waitwao abaloni. Msitu huo hulishwa na maji baridi yenye virutubisho, yanayopanda kutoka kilindini pale upepo unaposukuma maji ya juu mbali na pwani.

Mwaka 2013 ugonjwa uliua viti vya pweza, ambao huwala nungunungu wa baharini. Kisha, kati ya mwaka 2014 na 2016, bahari ilipata joto kali na virutubisho vikapungua. Nungunungu wakazidi, wakautafuna mwani. Kaskazini mwa California, zaidi ya asilimia 90 ya msitu ilitoweka. Mwaka 2018 uvuvi wa abaloni ulifungwa, lakini msitu haukurudi kwa amri, kwa sababu aliyeuangusha hakuwa mvuvi.

Nchi kavu nayo ina mchango wake. Huko Palos Verdes, karibu na Los Angeles, kuna ardhi inayoporomoka tangu mwaka 1956. Tope lake hufunika mwamba, mwani mchanga ukakosa pa kushika, na maji yaliyochafuka huzuia mwanga.

Ndugu msomaji, Tanganyika ni ziwa, si bahari, lakini njia ni hiyo hiyo. Upepo wa kiangazi ndio unaosaidia kuinua virutubisho kutoka kilindini, navyo ndivyo vinavyowalisha dagaa na mikeke. Maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini. Na kutoka vilima vilivyokatwa miti, mvua hushusha udongo unaofunika mawe ya ufukweni, makazi ya samaki wengi.

Joto la dunia hatuliwezi peke yetu. Udongo tunauweza. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003. Basi kila tangazo la kupumzisha ziwa liambatane na mpango wa vilima: miti, matuta na kingo za mito zisizolimwa. Ndugu zetu wanaorejea, wakigawiwa mashamba ya mteremko, wapewe na miche. La sivyo, wachuuzi watapoteza miezi mitatu kila mwaka, na tope litaendelea kushuka ziwani.