Ruta haina hatia, mtoto apimwe macho

Majuzi mzazi mmoja wa Buna, huku Wajir Kaskazini, aliniletea mwanawe wa miaka 10 aliyeumwa na kichwa kwa miezi miwili. Nilipomuuliza sababu ya kuchelewa, alinijibu: "Daktari, tulizima ile ruta ya intaneti tukangoja apone." Jirani alikuwa amemwambia kuwa miale yake hukausha ubongo.

Nilimsimamisha mtoto mbele ya chati ya macho. Mstari wa tatu ulimshinda. Alichohitaji ni miwani.

Ndugu msomaji, hofu hutokana na kutojua. Ruta ni kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kwenye mnara, satelaiti au waya, kisha kuigawia simu na kompyuta za nyumbani. Kila chombo hupewa nambari yake ili ujumbe wa baba usiingie katika simu ya mama. Kazi hiyo hufanywa na mawimbi ya redio, ya jamii moja na yale yanayotuletea taarifa ya habari.

Mawimbi hayo si kama ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi mwilini. Ruta nyingi za nyumbani hurusha takriban wati 0.1 tu, ilhali balbu ndogo ya sola hula wati 5. Isitoshe, ukiwa mbali nayo mara mbili, nguvu inayokufikia hupungua hadi robo.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Lakini kundi hilo lina maana kwamba ushahidi ni haba. Dondoo ya jani zima la mshubiri, ambao wengi wetu tunautumia kama dawa, imo humo pia.

Kwa maoni yangu, hatari ya ruta haimo katika mawimbi bali katika usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akikesha na video chini ya shuka, asubuhi ataamka mchovu, kichwa kizito, na darasani atasinzia.

Kwa hivyo iwekeni ruta juu, katikati ya nyumba, kwa kuwa mabati na kuta nene huzuia mawimbi. Badilisheni nywila iliyotoka nayo kiwandani. Wakati wa kulala ukifika, izimeni, na simu za watoto zikae kwa wazazi.

Lakini mtoto akilalamika kichwa siku baada ya siku, msipoteze wakati kuchomoa waya. Mleteni zahanati. Yule wangu alipoteza miezi miwili ya masomo, na ruta haikuwa na kosa lolote.