Somo la tabianchi darasani: Mtaala umefungua mlango, kazi kubwa sasa iko mikononi mwa mwalimu

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi katika mji wa Katesh, mkoani Manyara, na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Miezi mitano baadaye, mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania karibu na Kisiwa cha Mafia, wakati wakazi wa Rufiji na Kibiti wakiwa bado wanahangaika na mafuriko ya masika. Kwa watoto waliokuwa madarasani wakati huo, maneno kama El Nino, kimbunga na tahadhari ya hali ya hewa yaliacha kuwa msamiati wa redioni, yakawa sehemu ya maisha yao.

Matukio hayo yameleta swali ambalo mwalimu wa sayansi hawezi kulikwepa. Mwanafunzi akiuliza ni kwa nini mvua imekuwa hivi, jibu la kweli haliwezi kuwa sentensi moja. Mvua za mwishoni mwa 2023 ziliongezwa nguvu na El Nino pamoja na ongezeko la joto upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Wakati huohuo, kanuni ya fizikia inaonesha kuwa kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke wa maji huongezeka kwa takriban asilimia 7. Mwanafunzi anayeelewa mambo hayo mawili kwa pamoja hatasema kila mvua kubwa ni mabadiliko ya tabianchi, wala hatasema mabadiliko hayo hayapo. Huo ndio mwanzo wa elimu ya sayansi.

Sera imeweka msingi

Serikali imekwisha kuchukua hatua ya kwanza. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024 kwa kuzingatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, ambayo Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan aliizindua jijini Dodoma mapema mwaka 2025. Sera hiyo inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, miaka 6 ikiwa ya elimu ya msingi na minne ya sekondari, na kusisitiza umahiri badala ya kukariri. Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi katika Darasa la Sita mwaka 2027.

Hatua hiyo inaendana na ahadi za kimataifa. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Paris, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2018, kinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika kuimarisha elimu, mafunzo na uelewa wa umma kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, mkataba hauingii darasani wenyewe. Kinachoingia ni mwalimu, kitabu na dakika 40 za kipindi.

Changamoto ya kwanza ni mgawanyo wa somo. Katika elimu ya msingi, hali ya hewa na tabianchi kwa kawaida hufundishwa katika Jiografia na Mazingira, ilhali hewa, joto na mwanga ni mada za Sayansi. Katika sekondari mgawanyo unaongezeka: usafirishaji wa joto uko Fizikia, uunguaji na sifa za gesi viko Kemia, usanisinuru uko Baiolojia. Mwanafunzi anaweza kufaulu mada zote hizo bila kuambiwa kuwa zinaeleza jambo moja. Bila walimu wa masomo hayo kukaa pamoja na kupanga mfuatano, kila mmoja ataamini mwenzake amekwisha kufundisha.

Lugha kama daraja, na kama pengo

Changamoto ya pili ni lugha. Katika shule nyingi za msingi za umma mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika Kidato cha Kwanza hukutana na dhana zilezile kwa Kiingereza. Kwa somo linalotegemea maneno machache yenye maana kamili, mpito huo unaweza kumfanya aliyekuwa anaelewa aanze kukariri upya.

Kwa bahati nzuri, Kiswahili chenyewe ni nyenzo ya kufundishia. Wanafunzi wengi duniani huchanganya hali ya hewa na tabianchi. Mtoto wa Kitanzania anajua kuwa hali ya mtu leo si tabia yake. Mpole anaweza kuamka na hasira siku moja asiitwe mkali. Vivyo hivyo, hali ya hewa ni ya leo na kesho, lakini tabianchi ni mwenendo unaopimwa kwa wastani wa miaka 30, kwa mujibu wa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Neno hewa ukaa nalo lina undugu na makaa na mkaa. Mwalimu anaweza kuanzia hapo kueleza kuwa mti hujenga mwili wake kwa kaboni iliyotoka hewani, na kwamba mkaa unapoungua kaboni hiyo hurudi ilikotoka. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye makaa ya mawe na mafuta, yaani kaboni iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka na sasa inarudishwa hewani ndani ya karne chache.

Takwimu zinathibitisha hoja hiyo. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imezidi sehemu 420. Vipimo vya kila siku vilivyoanza mwaka 1958 katika kituo cha Mauna Loa, Hawaii, vinaonesha ongezeko hilo mwaka hadi mwaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutaja mwaka 2024 kuwa wenye joto zaidi tangu vipimo vianze kuwekwa, wastani wake ukiwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya kiwango cha kabla ya viwanda.

Makosa yanayojirudia

Elimu isiyo sahihi ina hasara zaidi ya kutofundisha. Kosa linalojitokeza mara nyingi katika nchi mbalimbali ni kuamini kuwa dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na kuruhusu jua kupenya. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Ozoni huzuia mionzi hatari ya jua, na uharibifu wake ulidhibitiwa kupitia Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Ongezeko la joto linatokana na gesijoto zinazozuia sehemu ya joto la ardhi lisitoroke kwenda angani.

Dhana hiyo inaweza kufundishwa bila maabara ya gharama. Wanafunzi wa Njombe na Makete wanajua kuwa sakitu huanguka usiku ambao anga ni jeupe, na kwamba usiku wenye mawingu huwa na baridi nafuu. Mawingu na mvuke hushika joto linalopanda kutoka ardhini na kurudisha sehemu yake chini. Gesijoto hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Bila hizo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu yake. Mfano huo ni sahihi zaidi kuliko jaribio la chupa iliyofunikwa na kuachwa juani, kwa kuwa chupa hupata joto hasa kwa kuzuia hewa moto isitoke. Mwalimu anayetumia chupa anapaswa kusema wazi mfano unapoishia.

Kilimanjaro nayo ni somo la uaminifu wa kisayansi. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912 limetoweka. Lakini watafiti wameeleza kuwa barafu hiyo ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya vimechangia sana pamoja na joto. Kumweleza mwanafunzi ukweli wote hakudhoofishi somo. Kunamwonesha kuwa sayansi hutafuta visababishi kabla ya kutoa hukumu.

Kutoka ubaoni hadi uwanjani

Umahiri unaotajwa na mtaala unahitaji vitendo. Kipimamvua cha chupa ya plastiki na daftari la kumbukumbu vinatosha kwa shule kuanza kupima mvua za vuli na masika, kisha kulinganisha matokeo na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mwanafunzi aliyepima milimita 60 kwa siku moja ataelewa taarifa ya tahadhari kwa namna ambayo ubao hauwezi kumfundisha. Katika vijiji vya pwani na Zanzibar, wazazi wanaolima mwani, wengi wao wanawake, wameshuhudia aina ya kotoni ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kupita kiasi. Uzoefu wao ni sehemu halali ya kipindi cha sayansi.

Jiko la shule ni darasa jingine. Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu wengi kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo mwaka 2034. Mwanafunzi anayefundishwa kuhusu ukataji miti asubuhi, kisha akatumwa kubeba kuni mchana, hupokea masomo mawili yanayopingana. Shule inayobadili jiko lake inapata pia takwimu za kufundishia: kuni zilizookolewa, gharama, na muda wa wanafunzi uliorudi darasani.

Yote hayo yanarudi kwa mwalimu. Wengi walio kazini leo walihitimu kabla mada hii haijapewa uzito, na ni haki wapewe muda wa kujifunza. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofahamika kama MEWAKA, unatoa nafasi hiyo kupitia jumuiya za kujifunza ndani ya shule, ambako mwalimu wa Jiografia na wa Fizikia wanaweza kuandaa kipindi kimoja kwa pamoja. Mitihani nayo inapaswa kwenda sambamba na dhamira ya mtaala. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje athari tano za mabadiliko ya tabianchi litazaa walimu wanaofundisha orodha ya athari tano. Swali linalompa jedwali la mvua la miaka 30 na kumtaka aeleze anachokiona litazaa walimu wanaofundisha kusoma takwimu.

Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto zinazozalishwa duniani. Mwanafunzi wa Kitanzania hapaswi kufundishwa kuwa yeye ndiye chanzo cha tatizo, wala kuwa hana la kufanya. Anahitaji maarifa ya kujua lini ahame bondeni, mbegu gani ipandwe msimu ukichelewa, na taarifa ipi ya mtandaoni ni ya kupuuzwa. Watoto walioshuhudia tope la Katesh wakiwa darasa la kwanza watakuwa watu wazima katikati ya miaka ya 2030. Maamuzi watakayofanya wakati huo kuhusu mahali pa kujenga, mazao ya kulima na nishati ya kutumia yanaandaliwa sasa, katika vipindi vya sayansi vinavyoendelea wiki hii.