Sare ya Mama na joto la Chanzuru

Najua kamati nyingi za harusi ziko mbioni kipindi hiki, kwa hiyo mwezi huu naanza na aibu yangu mwenyewe. Huenda ikamwokoa mtu.

Desemba 2024 mdogo wangu wa kiume alioa, na sherehe ikafanyika nyumbani kwetu Chanzuru, wilaya ya Kilosa. Kwenye kamati mimi nilikabidhiwa sare za kina mama: mama mzazi, mama wadogo na mashangazi, jumla wanane. Nikaingia Kariakoo, nikachagua satini ya zambarau inayong'aa kweli kweli. Fundi akashona kwa vipimo nilivyotumiwa kwenye simu: mikono mirefu, bitana ndani, gauni limebana kuanzia kiunoni hadi magotini. Nililijaribu la kwanza mwenyewe, nikajipiga picha, nikalipenda. Sasa fikiria, mimi nina miaka thelathini na kitu, na ofisini kwetu kuna kiyoyozi.

Kama hujawahi kufika Chanzuru mwezi wa kumi na mbili, nikwambie tu kwamba uko bondeni. Milima unaiona kwa mbali upande wa magharibi, lakini ubaridi wake haukufikii. Saa nane mchana, chini ya turubai lililojaa watu, hata soda inatoka jasho.

MC akaita wazazi wa bwana harusi waje kulishwa keki. Baba akasimama. Mama hayupo. Akaitwa mara ya pili, mara ya tatu, watu wakaanza kugeuza shingo. Nikatoka mbio. Nilimkuta nyuma ya nyumba chini ya mwembe, zipu imefunguliwa mpaka kiunoni, shangazi anampepea kwa mfuniko wa ndoo.

"Mama, unasubiriwa kwenye keki."

"Mwanangu, mimi kwenye hilo gunia sirudi."

Picha ya keki ya mdogo wangu ina baba peke yake. Iko sebuleni, ukiingia tu unaiona.

Mimi nilidhani ni presha. Usiku ule ndipo akanieleza, tena kwa kunong'ona. Ana miaka 51. Kwa karibu mwaka mzima joto limekuwa likimpanda ghafla kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni, linakaa dakika chache, halafu jasho, halafu baridi. Usiku anatupa shuka, baba anadhani anamnunia. Hakuna aliyeambiwa, kwa sababu kwake yeye habari za kukoma hedhi hazizungumzwi na watoto.

Jamani, wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na joto hilo la ghafla ni moja ya dalili zake za kawaida kabisa. Linaweza kuanza miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma. (Likimnyima mtu usingizi kila siku, ampeleke daktari habari hizo, kuna msaada. Na mtu aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, huyo asisubiri, aende hospitali.) Sasa chukua joto hilo la ndani, ongeza la Desemba, halafu juu yake weka satini. Satini nyingi za madukani ni poliesta, nyuzi ambazo ni ndugu wa plastiki. Jasho hazinyonyi. Bitana niliyoweka nayo ilikuwa poliesta. Yaani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, mimi nikamvika mama yangu miwili kwa mpigo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Chanzuru si mbali na Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kilishughulika na mbegu za pamba. Watu wa huko wanaijua pamba tangu ikiwa mche.

Basi nikamuuliza mama swali ambalo lilipaswa kutangulia: wewe unapenda kuvaa nini? Nikamshauri dera, nikijua nimepatia. Akanikatalia. "Dera nalala nalo. Nikienda nalo kanisani watasema nimejikatia tamaa." Hapo ndipo vijana wengi tunapokosea kwa mama zetu. Tukishindwa kuwabana, tunawafunika kama meza. Mama anataka kiuno chake kionekane. Amekuwa nacho miaka yote, hajaona sababu ya kukificha leo.

Tukaenda naye kwa fundi wa Kilosa mjini, tukabeba doti ya khanga na kitenge. Kabla ya kukata, fundi alichomoa nyuzi mbili za kitenge akaziwasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, harufu ni ya karatasi, na majivu yake ni laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kitenge chetu kikaacha punje! Na muuzaji alikuwa ameapa. Tukarudi dukani kutafuta kingine. Chenye pamba kilipopatikana kilifuliwa kwanza na kuanikwa, maana pamba hurudi ikiguswa na maji, na mama hakutaka kushonewa gauni la mwanasesere.

Mshono aliuchora mama mwenyewe kwa kidole mezani. Shingo iwe wazi kidogo. Kwapa liwe pana, kwa sababu ndipo gauni linapoanza kumkaba. Mikono ya robo tatu, imefunguka mwishoni ili hewa iingie. Kiuno kishikwe na mkanda wa kitambaa hichohicho, akiona joto anaulegeza bila mtu kujua. Zipu ya mgongoni akaifuta kabisa, akataka vifungo mbele. "Nikizidiwa nijifungulie, si mpaka niite mtu." Bitana hakuna; ndani anavaa shimizi ya pamba. Na maua makubwa makubwa, kwani jasho kwenye kitambaa cha rangi moja, hasa kijivu, linajitangaza. Halafu akataka mfuko.

Viatu vilikuwa rahisi. Miguu huvimba kwenye joto, hivyo akachukua kobazi za ngozi zenye kufungwa kwa bakoli, analegeza tundu moja jioni. Wigi ya harusini amempa mdogo wake. Mwenye subira ya kuchambua mitumba anaweza kupata shati la kitani zuri sana, lakini ajiandae na pasi.

Kwa nyie mnaopanga harusi sasa hivi: chagueni rangi, chagueni kitambaa cha pamba, kisha mpeni kila mama kipande chake apeleke kwa fundi anayemjua mwili. Nilibishana na kamati kuhusu hili, wakasema picha hazitapendeza mishono ikitofautiana. Nikawaonyesha picha ya baba na keki.

Novemba 2025 mtoto wa mdogo wangu alibatizwa, na mama alivaa gauni lake la vifungo. Joto lilimpanda katikati ya hotuba ya mzee wa kanisa. Nilimwona akifungua vifungo viwili vya juu, akalegeza mkanda, akachomoa leso mfukoni, akajifuta shingo, na hotuba ilipoisha yeye ndiye aliyeanzisha vigelegele. Keki alilishwa kipande kikubwa kuliko cha baba. Shangazi wawili wameshachukua namba ya fundi, na baba, ambaye hakuna aliyemweleza chochote mbele yetu, amenunua feni ya chumbani.