Uvimbe Usihukumiwe kwa Macho

Mama mmoja wa parokia yetu, mkulima wa kahawa, alipasuliwa kwa sababu ya uvimbe mkubwa tumboni. Baada ya upasuaji nduguze waliambiwa mlangoni kwamba uvimbe ule ulikuwa na sura mbaya, na kwamba bila shaka ni saratani. Hakuna kipande kilichopelekwa kupimwa. Wote ulitupwa shimoni. Tuliitwa kumpa Mpako wa Wagonjwa, tukaenda. Shamba lake likagawanywa yeye angali hai. Miaka mingi imepita, na mama huyo bado anapalilia kahawa. Alikuwa na ugonjwa gani? Hakuna awezaye kumjibu, kwa kuwa jibu lilitupwa pamoja na uvimbe. Nasi tunakiri kosa letu: tulimwombea, lakini hatukuuliza kipimo kiko wapi.

Ndugu wasomaji, wa milimani huku Namswea na wa kando ya Ziwa Nyasa, jambo hili si la tiba peke yake. Ni la haki.

Uvimbe mwingi wa mfuko wa uzazi si saratani. Ni fibroidi, ambazo huota katika misuli ya mfuko wenyewe. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 huwa nazo wafikapo umri wa miaka 50, wengi wao bila kujua.

Lakini zipo aina chache, tena za nadra sana, ambazo huvaa sura ya saratani. Mwaka 1996 madaktari Roth, Reed na Sternberg walieleza mojawapo: uvimbe unaotoka nje ya ukuta wa mfuko wa uzazi na kutambaa nyongani, mwekundu, wenye mafundo mafundo kama kondo la nyuma. Daktari anayeuona kwa mara ya kwanza hushtuka. Kumbe si saratani. Aina nyingine huingia katika mishipa ya damu, na nyingine huonekana hata mapafuni. Hizo zahitaji matibabu, lakini seli zake si za saratani.

Kinachotenganisha haya ni hadubini. Kipande huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa katika nta, hukatwa vyembamba mno na kutiwa rangi. Ndipo mtaalamu wa patholojia huchunguza: seli zimeharibika umbo? Ngapi zinagawanyika? Je, ziko sehemu zilizokufa? Jicho la mpasuaji, hata awe hodari namna gani, halioni hayo. Wala altrasaundi haiwezi kuamua.

Hapa ndipo penye dhuluma. Wataalamu hao ni wachache, nao wako katika hospitali kubwa za rufaa. Kutoka Mbinga hadi Muhimbili ni safari ya kama kilomita 1,000. Majibu huchelewa, na mara nyingi gharama humwangukia mgonjwa. Hivyo mwenye fedha hupata jibu, na maskini hupata makisio. Mshtakiwa wa wizi wa kuku hahukumiwi bila ushahidi. Kwa nini mama ahukumiwe kufa kwa kutazamwa tu?

Makisio hayo yana matunda machungu. Binti mwenye tumaini la kuzaa huondolewa mfuko wa uzazi ambao pengine ungeweza kuhifadhiwa, kisha mume na mawifi humgeuka. Mwingine hukata tamaa, akaacha hospitali na kwenda kwa mganga, ambaye humtaja jirani kuwa mchawi. Ugonjwa wa mmoja ukawa ugomvi wa kijiji kizima.

Mtu asiseme kwamba tunawafundisha wanawake kuidharau saratani. La hasha! Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo ikigunduliwa mapema hutibika. Damu inayotoka nje ya siku zake, au baada ya hedhi kukoma, ipelekwe hospitali bila kuchelewa. Ushahidi tunaoudai humlinda asiye na saratani na aliye nayo vilevile.

Kwa hiyo twaziomba hospitali zote, zikiwemo zile za Kanisa: uvimbe ulioondolewa usitupwe kabla ya kupimwa, na mama apewe majibu yake kwa maandishi. Twaiomba Serikali, katika kuitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ihakikishe kwamba kipimo hiki na usafirishaji wa sampuli havimwelemei maskini. Nanyi akina baba, kabla ya upasuaji mwacheni mama aulize na aamue mwenyewe, kwa maana mwili ni wake.

Mwisho twasema na Jumuiya zetu. Msiba ukitokea, sote huchanga siku ile ile: mahindi, kuni, fedha za sanda. Mama mwenye uvimbe angali hai. Tumchangie kipimo.